Alimwaga Mbege ya Kumwomba Baba Msamaha

Jamani, nilimkuta Cécile kwenye gereji yangu, huku ughaibuni DeSoto, anamwaga mbege yangu!

Chupa kumi na nane. Ilibaki moja tu imejaa...

Msinihukumu kabla hamjajua ilikuwa ya nini.

Baba yangu hajaongea na mimi miaka mitano, tangu niolewe bila baraka zake. Alikuja kumtembelea kaka yangu, jirani hapa Cedar Hill, na hata simu yangu hakutaka kupokea. Mwishowe kaka akaniletea ujumbe: siku ya kuaga mzee atapita kwangu saa tisa mchana, ila akute mbege ya msamaha, pombe yetu Wachaga ya ndizi, niliyoipika mwenyewe. Kesho yake anapanda ndege. Ana miaka themanini na moja, mnaelewa?

Nikachemsha ndizi, nikasubiri siku saba, nikachanganya ulezi na magome machungu ya msesewe kutoka Moshi. Halafu nikajifanya mjuzi. Kwenye klabu yetu ya wapika bia wa nyumbani, kule Mesquite, bia ya heshima inatiwa kwenye chupa za kioo. Nami nikajaza chupa, nikagonga vizibo kwa mashine yangu. Nilitaka mzee anione wa maana.

Cécile, Mkongo wa klabuni, nilimwachia ufunguo anisaidie kupanga viti. Kumbe!

"Pelagia, uache nifungule na hii ya mwisho," alisema. Mkono mmoja kauficha ndani ya kitenge.

"Toka kwangu. Toka, au nita-call police."

Nikamsukuma mpaka nje. Nililia mpaka sauti ikakauka, kisha nikaiweka chupa iliyobaki mezani, mbele ya kiti cha Baba.

Saa tisa kasoro dakika tano... paaa!

Chupa ilipasuka. Vipande vya kioo vilichomeka kwenye kile kiti, usawa wa uso.

Mbege ilikuwa bado inachacha na kutoa gesi, wapendwa. Hunywewa hivyo hivyo, haifungiwi kizibo. Mimi, mtoto wa Kichaga, nikasahau!

Baba akanikuta naokota vioo. Akauliza nani alizifungua zile nyingine. Nikamweleza yote. Hakukaa.

"Mimi nitangoja," alisema. "Kamwombe huyo kwanza."

Tukaenda pamoja hadi kwa Cécile. Mkono wake una bandeji. Chupa ya kwanza ilimpasukia wakati anapanga viti, ndipo akakimbilia kufungua zingine. Nilipiga magoti mlangoni, majirani wakitazama.

Nikamwomba msamaha. Cécile akamwangalia Baba.

"Muingie, papa. Kasiksi iko. Lakini haiko mu chupa."

Ni pombe ya ndizi ya kwao, Bukavu, ilikuwa kwenye sufuria iliyofunikwa kitambaa. Baba akachota kikombe, akanisogezea.

"Onja kwanza, mwanangu."

Mwanangu! Nikakipokea kwa mikono miwili; miaka mitano sijaitwa hivyo.

Ukimkuta rafiki anaharibu kitu chako, muulize kwanza. Mimi sikuuliza, na dakika tano zaidi ningemuua baba yangu kwa pombe ya kumwomba msamaha.