Kikombe cha Mwambani

"Kikombe hakipo!"

Sauti ya Dativa ilitoka chumba cha nyuma cha kanisa, mtaa wa Ghala jijini Maskati, Oman, Ijumaa saa tano na robo asubuhi. Meza ya Bwana ilikuwa imekwisha na waumini walikuwa wanatawanyika. Pelagia, mpishi wa chekechea mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, alikuwa getini akiagana nao. Alipofika mbio, alikuta kitambaa cheupe mezani peke yake.

Kikombe kile cha fedha kilikuwa cha kanisa dogo la Kimethodisti la Mwambani, kijijini kwao pwani ya Kenya. Kililetwa Maskati ili mfua fedha wa soko la Matrah akiunge mguu uliovunjika. Zamani Mwambani watu walijaa hadi wengine wakaimba wakiwa nje, madirishani. Kisha shule ikahamishwa, vijana wakafuata kazi mijini, mchwa wakala kinanda. Sasa walibaki vikongwe watatu, nao waliapa hawatanywea bilauri ya dukani. Mchungaji wao alikuwa amesema wazi: Meza ya Bwana isipotolewa Jumapili hii, mlango utafungwa kabisa. Kikombe kilipaswa kusafirishwa usiku huo.

Simoni, fundi wa viyoyozi, aliingia na sanduku lake la vifaa. Babu yake ndiye aliyejenga kanisa la Mwambani.

"Dativa, wewe Mlutheri, umeanza kuja kwetu juzi tu," alisema. "Na kuosha vyombo ilikuwa zamu yako."

"Kaka Simoni, nimekuta meza tupu! Nikagueni!" Dativa aliumwaga mkoba wake: kanga, mafuta ya kujipaka, ndizi mbili. "Au mnataka na ndizi ziungame?"

"Basi ni yule dereva aliyekuja kuomba maji," alisema Simoni.

Pelagia alitoka hadi barazani. Bi Kheiria, mwajiri wa Dativa, alikuwa amekuja kumchukua, na dereva wake Yassin alisimama karibu naye.

"Uliingia hadi wapi, Yassin?"

"Mlangoni tu, dada. Na maji yenyewe sijapewa."

"Tumefika sasa hivi, na nnamuona muda wote," alisema Bi Kheiria. "Lakini sikilizeni. Dativa akiwa mwizi, kwangu harudi. Leo leo nnamkatia tiketi. Na hichi chungu chenu cha asmini hapa mlangoni, mbona kina sisimizi namna hii? Wananipanda kwenye abaya, ya Rabbi!"

Pelagia aliinama. Udongo ulikuwa umelowa upande mmoja, una rangi ya zabibu. Alifumba macho. *Bwana, nionyeshe, hata kama sipendi nitakachokiona.*

Akarudi ndani.

"Dativa, ungekisuuza wapi kikombe?"

"Kwenye sinki. Kwani nyinyi husuuzia wapi?"

"Hapa, sote kwenye sinki. Mwambani, maji yaliyosuuza kikombe humwagwa ardhini, kando ya mlango." Pelagia alimgeukia Simoni. "Mwizi wa kawaida hasuuzi anachoiba. Huyu alikisuuzia chunguni hapo nje, kwa kuwa alishindwa kukificha kikombe kikiwa na mabaki ya damu ya Bwana. Hapa watu wa Mwambani tuko wawili, kaka. Na mimi nilikuwa getini."

Simoni aliliweka sanduku lake sakafuni. Kisha akalifungua. Kikombe kilikuwa kimeviringishwa ndani ya shati lake la kazi.

"Mama yangu ni mmoja wa wale watatu," alisema. "Mwaka jana alivunjika nyonga akipanda mlima kufungua kanisa. Sasa anapanda kwa kutambaa. Likifungwa, atatulia. Babu alilijenga, lakini sitaki limuue mama."

"Na mimi?" Dativa aliuliza. "Ungeniacha nirudishwe?"

"Nisamehe, dada."

"Nitakusamehe. Lakini si leo."

"Mpigie mama," alisema Pelagia. "Mwambie mwenyewe."

Simoni alipiga, simu ikiwa mezani kwa spika, wote wakisikia. Kabla hajasema neno, sauti ya kikongwe iliuliza, "Kikombe kimepona mguu?"

"Kimepona, mama."

"Afadhali. Wangu haujapona. Mchungaji akilete hapa kitandani, mwanangu. Huko juu siwezi tena. Tangu mwaka jana siwezi."

"Mbona ulikuwa unapanda?"

"Kwa ajili yako. Ungejisikiaje, huko ugenini, kusikia kanisa la babu yako limefungwa?"

Simoni alifunika uso kwa mikono. Pelagia alikichukua kikombe, akakifunga taratibu katika kitambaa chake cheupe. Kitasafiri usiku. Lakini hakitapanda mlima.