Viatu vya Lucinda

Viatu vya Lucinda vilianza kutoka nje vyenyewe mwaka wa sabini na mbili, chuo kikiwa hakijamaliza hata mwezi tangu kifunguliwe. Hakuna aliyeviona vikitembea. Hilo lingekuwa afadhali, maana watu wangepiga kelele siku ileile na jambo likajulikana. Vilikutwa tu. Wasichana walirudi kutoka darasani kupumzika mchana, jua la kuchoma utosi, wakavikuta barazani vimepangwa sambamba kama vya mtu aliyeingia msikitini. Ila hivi vilitazama nje, ncha zake zimeelekea getini.

Chumba kilikuwa cha watu wawili, katika bweni la wasichana la chuo kimoja cha ualimu nje kidogo ya mji wa Mtwara, upande wa Likombe. Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Lucinda, binti wa Kitaya kwenye Mto Ruvuma, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji kabla yeye hajajua kutembea. Mwaka uliopita ndege za Wareno zilidondosha mabomu kandokando ya mto na nyumba yao ikateketea, mahindi na vyote. Alifika chuoni na sanduku la bati, rozari, viatu vyake vya ngozi na ndara alizovaa.

Kitanda cha mlangoni kilikuwa cha Mwanaamina wa Mikindani, aliyelelewa na bibi yake, Bibi Mwasiti, na kuja na vikorokoro vya kutosha kufungulia duka: birika, kanga za kubadilisha mwezi mzima, na mto wa sufi alioshonewa na bibi kwa mkono wake. Masomo hayajakolea, bibi akafariki. Mwanaamina alikwenda kuzika, akakaa matanga, akarudi macho yamevimba. Viatu vilianza siku aliyorudi.

"Kama hunitaki humu ndani, niambie usoni," Lucinda alisema kesho yake, viatu mkononi. Akikasirika, Kimakonde kilimrudi ulimini. "Usinitolee viatu nje kama ntu anayefukuza mbwa."

"Mimi nishike viatu vyako? Nimetoka kuzika juzi, shoga. Sina nguvu hata za kushika vyangu."

"Chumba hiki kina watu wawili."

"Basi jiulize wewe."

Wakanuniana, na kununiana na mtu unayemwazima sabuni si kazi ndogo. Viatu vikafuatwa na beseni, beseni likafuatwa na gauni la darasani limekunjwa vizuri, rozari juu yake. Kilichowaudhi wote wawili ni ule unadhifu. Mtu mwenye chuki angetupa. Huyu alikuwa anasindikiza mgeni.

Siku moja Mwanaamina alichoka kushukiwa. Akafunga mlango kwa kufuli mbele ya Lucinda, akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga, wakaenda darasani wakakaa benchi moja. Waliporudi, kufuli lilikuwa palepale. Godoro la Lucinda lilikuwa barazani, limeviringishwa na kufungwa kamba ya katani.

Walifungua mlango wakiwa wameshikana mikono bila kujua wameshikana, na harufu ikawapokea kabla macho hayajazoea kivuli, udi kwanza, na chini ya udi marashi ya waridi yaliyochacha, na chini ya marashi kafuri, ile anayopakwa maiti kabla ya sanda, na Mwanaamina aliyeinusa harufu hiyohiyo majuzi tu chumbani kwa bibi yake akasimama kizingitini asiweze kuingia wala kurudi, huku nyuma yao, mchana kweupe, wenzao wote wakiwa bwaloni, mitalawanda, vile viatu vya mbao vya wanawake wa zamani, ikigonga saruji taratibu, ko, ko, ko, ikaja, ikapita ubavuni mwao bila mtu, ikaingia chumbani na kunyamaza mbele ya kitanda cha dirishani.

"Umesikia?" Lucinda alinong'ona.

"Nyamaza."

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia."

Kuanzia hapo hawakununiana tena.

Bweni halina siri. Kufika jioni ilishasemwa kila chumba kwamba Lucinda amefuatwa na wafu wa vita, kwamba waliouawa ng'ambo wamevuka mto nyuma yake. Wasichana wa chumba cha jirani wakahama. Bwaloni akaachiwa meza nzima. Mkuu wa chuo, mtu wa sayansi aliyezoea kutangaza hadharani kwamba majini ni ujinga, alimwita ofisini akamwambia, kwa upole wa kuudhi, kwamba Jumamosi lori la chuo litamfikisha stendi. Arudi kwao mpaka mambo yatulie.

"Kwetu kumeungua, mwalimu," Lucinda alimjibu. "Mnanirudisha kwenye majivu. Mimi nitatoka hapa na cheti cha ualimu. Kama si hivyo, mnibebe."

Maneno hayo aliyasema akiwa amesimama wima. Chumbani alijifunika shuka akalia mpaka akapaliwa. Wazazi wake walikuwa wamejihifadhi kwenye kibanda cha nyasi wakimngojea yeye na mshahara wake wa ualimu, na asipoupata yeye hapakuwa na mwingine wa kuupata. Mwanaamina aliyasikia yote hayo na roho ikamuuma. Akatuma mtu Mikindani kwa shangazi yake.

Shangazi Sharifa alijulikana pwani yote ile kwa kutoa majini. Alifika Alhamisi alasiri, chetezo na ubani vimefichwa ndani ya buibui, na matroni wa bweni akageuka upande wa pili asione. Shangazi alimketisha Lucinda mkekani, akamfunika shuka jeupe, akaweka chetezo chini yake, akaanza kusoma. Moshi ulipojaa akauliza kwa sauti ya amri:

"Wewe uliyemfuata binti huyu kutoka ng'ambo, taja jina lako. Unataka nini?"

Lucinda alikohoa ndani ya shuka. "Shangazi, mimi naona moshi tu."

"Nakuuliza tena! Unataka nini?"

Jibu lilitoka nyuma yake. Lilitoka kitanda cha mlangoni, alikokaa Mwanaamina mikono mapajani, macho wazi, na sauti haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya Bibi Mwasiti, na kile kikohozi chake kidogo cha kusafisha koo.

"Mimi sikutoka ng'ambo, Sharifa. Unanijua tangu unanyonya."

Ubani ulimwanguka Shangazi mkononi. "Nani kakuleta hapa?"

"Nimepewa kazi, naifanya. Asiye wetu asilale chumba kimoja na mtoto. Aliyeniagiza ameondoka. Nani ataniambia niache?"

"Na huyu asipotoka?"

"Nimetoa viatu. Nimetoa godoro. Kabla jua la Jumamosi halijatoka nitamtoa mwenyewe, naye nitamkunja vizuri."

Kisha Mwanaamina akaanguka ubavu, akaamka akiomba maji.

Shangazi Sharifa alikaa chini, miguu imenyooka, kama mtu aliyefumaniwa. Haya zilimjaa usoni. "Lo, mama," alisema akimwambia marehemu. "Lo, mama yangu." Akawaeleza. Lile lilikuwa jini la nyumba yao, la kurithiana, na sauti ya marehemu limeiazima tu. Bibi Mwasiti alipoona mjukuu anakwenda chuoni, mahali penye wavulana, usingizi ulimpaa. Akashona kitambaa chekundu ndani ya mto, akaliagiza jini limlinde mtoto.

"Alikusudia wanaume," alisema Shangazi. "Lakini mama alikuwa mwanamke wa heshima, akaona haya kulitaja jambo hilo mbele ya jini. Akasema asiye wetu. Alipokuwa hai alilishika lisizidishe. Sasa halina wa kulishika."

"Haya zake ndizo zinifukuze mimi chuo?" Lucinda alitupa shuka. "Liambie basi kwamba ni wavulana!"

"Halinisikii. Linamsikia aliyeliagiza tu."

"Tuuchome mto," alisema Mwanaamina.

"Ukiuchoma ndiyo umelifungulia kamba, liende litakako. Njia ni mbili. Ama binti huyu aondoke, ama awe wetu. Niwachanje chale, mlambane damu muwe ndugu, litamwona mtu wa nyumbani."

"Sichanjwi," alisema Lucinda.

"Mwanangu, ni chale ndogo tu."

"Hata iwe ndogo kama ya mbu. Udugu na huyu ninao, siufanyi kwa ajili ya kuogopa. Kitanda hiki nimepewa na serikali, siombi ruhusa ya jini kukilalia. Nimeunguziwa nyumba na ndege. Hili linalobeba viatu vya watu ndilo linifukuze?"

"Litakuua."

"Basi linikute kitandani kwangu."

Mwanaamina alikuwa anautazama mto wake. Alikuwa na woga mwingi, lakini chini ya woga alikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyopata sauti kwanza. "Shangazi, limeagizwa kunilinda mimi, siyo? Nilipo ndipo lilipo?"

"Ndiyo."

"Nikinyeshewa na mvua usiku kucha, litakuwa limenilinda?"

Shangazi alimtazama sana. "Usilichezee, Mwanaamina."

"Silichezei. Nataka lifanye kazi yake sawasawa."

Ijumaa jioni godoro la Lucinda lilikutwa tena barazani. Safari hii Mwanaamina hakulirudisha. Aliingia ndani, akalibeba la kwake, na mto juu, akaliburuta mpaka katikati ya uwanja wa mpira, pasipo na mti wala paa, wingu la masika limetanda. Akamwita Lucinda alete la kwake, wakayatandika pamoja. Bweni zima lilikuwa madirishani.

"Sikiliza wewe!" Mwanaamina aliupigia kelele uwanja mtupu. "Huyu akitoka, natoka. Akilala nje, nalala nje. Mwaka huu na mwaka kesho, mpaka tupate vyeti. Nikishikwa na homa, nikiumwa na nyoka, ujue umeshindwa kazi, na bibi akikuuliza huko aliko utamjibu mwenyewe!"

"Umemaliza?" aliuliza Lucinda.

"Nimemaliza."

"Sogea basi, unanibana."

Mvua ilikuja bweni limeshalala, mvua ya kuchapa, na pamoja na mvua mitalawanda, ikitembea juu ya nyasi zilizolowa lakini ikilia kama juu ya saruji, ikawazunguka, ikawazunguka, kila mzunguko karibu zaidi, na kafuri ikapanda hadi kooni, na ndipo Lucinda aliposikia mkono wake wa kulia unainuliwa taratibu, kwa adabu, na kulazwa kifuani, kisha wa kushoto juu ya wa kulia, na miguu ikanyooshwa na vidole gumba vikasogezwa pamoja kama afanyiwavyo maiti, na pumzi yake ikaanza kukunjwa nayo, mara moja, mara mbili, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi, asiweze hata kulia, mpaka Mwanaamina, aliyehisi ubaridi wa mwenzake, akamlalia mwili mzima, akapitisha mikono chini ya mgongo wake na kupiga ukelele uliosikika nyumba za walimu:

"Nikunje na mimi! Haya, nikunje na mimi, ukamwambie bibi!"

Mitalawanda ikasimama. Kitu kizito kililala juu yao kwa muda, kikipima. Kisha wakasikia mtu akishusha pumzi, pumzi ndefu ya mwanamke mzee aliyeshindwa ubishi, na Lucinda akavuta hewa kwa nguvu mpaka kifua kikauma.

Adhana ya alfajiri iliwakuta chumbani, kila mmoja kitandani kwake, magodoro makavu. Hakuna aliyekumbuka kurudi. Mikono ya Lucinda ilikuwa na alama za vidole vyembamba. Viatu vyake vilikuwa mvunguni pamoja na vya Mwanaamina, ncha zimetazama ndani.

Saa tatu mkuu wa chuo alimkuta Lucinda bwaloni anakunywa uji, viatu vimepigwa rangi.

"Lori limefika," alisema.

"Naliona, mwalimu. Liende salama."

Wasichana wakacheka. Lori liliondoka bila Lucinda. Siku zilizofuata hapakutoka tena kitu nje, na mtu asiyeamini majini angeandika nini katika barua ya kumfukuza mwanafunzi? Vyeti walivipata pamoja. Lucinda aliomba kufundisha Kitaya, akajenga nyumba ya wazazi wake kwa matofali. Mwanaamina alipangiwa Ufukoni, na huko akachumbiwa na Shaibu, mwalimu mwenzake, mtu mpole asiyejua habari yoyote kati ya hizi.

Harusi ilikuwa Mikindani, katika nyumba ya marehemu bibi, na Lucinda alifika siku mbili mapema kusaidia jikoni. Usiku, wageni wametawanyika, Shaibu aliingia chumbani kwa bibi harusi, akavua makubadhi yake mapya kando ya kitanda, akaenda kutawadha. Aliporudi hayapo. Aliyakuta barazani, yamepangwa sambamba, ncha zimeelekea barabarani.

"Shemeji zangu wana utani," alisema akicheka.

Mwanaamina hakucheka. Aliyatazama makubadhi, akavuta harufu ya kafuri, na kwa mara ya kwanza akamwelewa bibi yake vizuri kabisa: safari hii jini lilikuwa limempata yule hasa liliyeagizwa kumfukuza, mwanamume. Akaugonga ukuta wa chumba cha pili.

"Lucinda! Amka."

Lucinda alitoka akifunga kanga, akayaona makubadhi. "Bado lipo?"

"Bado lipo."

"Lina roho ngumu."

"Halituzidi." Mwanaamina alimgeukia mumewe. "Shika upande huo wa godoro, Mwalimu Shaibu. Leo tunalala uwanjani."

"Uwanjani? Na mvua ile inayokuja?"

"Ndiyo tunayoitaka, shemeji," alisema Lucinda, naye alikwishaanza kuvuta.