Nani Anasoma Sehemu ya Nne?

"Dada, hicho unachosoma umekipata wapi?"

Msichana wa mapokezi hakuinua hata kichwa. Alininyooshea kidole kimoja cha kuningojesha, macho kwenye karatasi.

"Nimalizie aya hii tu, nakuja."

Nilisimama na mfuko wangu wa sare kumi na mbili za wafanyakazi wa ile kliniki ya meno. Sare sikuzikumbuka tena. Nilikuwa natazama uzi mwekundu uliofunga zile karatasi mkononi mwake. Mshono wa mkono, matundu manne, fundo juu. Mshono huo ni wangu. Alichoshika ni sehemu ya nne ya riwaya yangu, na sehemu ya nne nilimkabidhi mtu mmoja tu, mwanaume, Alhamisi iliyopita.

"Haya, samahani," akasema, kidole kikiwa kati ya kurasa. "Kitabu hiki kitanifukuzisha kazi. Ulikuwa unasema?"

"Nimeuliza umekipata wapi."

"Kwa fundi mmoja anayetengeneza cherehani. Huniletea kipande kwa kipande."

Damu ikanipanda kichwani, lakini sauti nikaishika.

"Huyo fundi ni nani kwako?"

"Kaka yangu, tumbo moja. Kwa nini?"

Hapo nikashusha pumzi. Niliishusha mapema mno.

"Kwa hiyo yeye akishamaliza kusoma ndiyo anakupa wewe?"

Alicheka mpaka mgonjwa mmoja aliyejishika shavu akageuka kututazama.

"Kaka asome? Yule, kitabu humlaza kuliko dawa. Mimi ndiye nasoma, halafu kila Jumatano jioni ananipigia nimsimulie. Na maswali yake sasa. Nani kasema nini, kamwambia nani, kwa nini. Utadhani ana mtihani."

Nikaweka mfuko wa sare juu ya meza taratibu.

"Mtihani anao kweli," nikasema. "Mimi ndiye ninayesahihisha."

Kicheko kikamkatika.

"Mungu wangu. Wewe ndiye Mkasi?"

Ndiyo mimi. Kwenye karakana ya ushonaji ya mama mkubwa, dada yake mama yangu, wananiita Mkasi kwa sababu kazi yangu ni kukata vitambaa, na kwa sababu ya mdomo wangu pia. Nina ugonjwa mmoja: nikisoma kitabu kizuri siwezi kukaa kimya mpaka nikimalize. Nataka mtu akisome sasa hivi, wakati bado kinaniwasha. Hii riwaya ni nene, ya mtumba, nakala moja tu. Nikaikata kwa wembe sehemu sita, kila sehemu nikaishona, ili nikimaliza moja mwenzangu aianze.

Fundi alikuja siku moja kutengeneza cherehani iliyokwama, akaniuliza ninasoma nini. Wanaume wengi huuliza hivyo huku wakitazama pengine. Huyu akabeba sehemu ya kwanza, akarudi na maoni. Maoni, jamani. Mimi kwa maoni nanunulika.

Riwaya yenyewe inamhusu mke anayemwandikia barua mume wake aliye jela. Nyumba yao imeshauzwa, lakini kila barua anamwambia ameipaka rangi, amepanda maua mlangoni. Karakana nzima tulimwita mwongo. Fundi, akiwa amelala chini ya cherehani na bisibisi mkononi, akasema:

"Hatafuti kitu huyo mama. Anaogopa kuachwa."

Siku hiyo ndiyo niliyompenda, sifichi. Na alipomaliza sehemu ya tatu akasema anataka kunioa. Sasa wazee wake walikuwa waje nyumbani Jumapili, na mama mkubwa alitaka jibu langu kabla ya Ijumaa jioni: waje, au wasije.

Kuna jambo moja Fundi alilijua vizuri. Nilishawahi kuchumbiwa na mwongo. Alisema ana kazi ofisini, kumbe alichokuwa nacho ni tai. Niliapa sirudii.

"Wifi," dada yake akaniita kwa sauti ya chini.

"Usiniite wifi bado."

"Nimeharibu."

"Hujaharibu. Nijibu jambo moja. Huyo mke wa barua, wewe unamwonaje?"

"Mwongo mkubwa. Ningekuwa mimi mume wake ningeachana naye siku hiyo hiyo."

"Si wewe uliyemwambia kaka yako kwamba anaogopa kuachwa?"

"Mimi? Tuligombana kwa ajili ya huyo mama. Kaka alimtetea mpaka nikamuuliza kama amemlipa uwakili." Akafungua ukurasa wake tena, hakuweza kujizuia. "Ila hapa kwenye hii barua anayoandika akiwa kituo cha basi, hapa na mimi nimeanza kumhurumia. Sehemu ya tano inakuja lini?"

Nilimtazama. Miaka yote nilikuwa namtafuta msomaji kama huyu. Nimempata, na hawezi kunioa. Nikatoa sehemu ya tano kwenye mkoba nikampa, maana ugomvi wangu na kaka yake haukumhusu.

"Leo akikupigia nisimwambie?"

"Msimulie kama kawaida. Usipunguze kitu."

Saa moja jioni simu yangu ikalia. Ujumbe:

"Mkasi wangu, nimemaliza ya nne leo. Ile barua ya kituo cha basi imenitoa machozi. Kesho nakuja na maoni."

Nikajibu: "Njoo nayo yote."

Alhamisi saa nne asubuhi akaingia na sanduku lake la zana, shati limepigwa pasi. Mama mkubwa alikuwa anatoa pini kwenye gauni la mteja. Mafundi wetu wawili wa kike walikuwa kwenye cherehani zao.

"Hamjambo hapa? Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Fundi," nikamwita. "Barua iliyokutoa machozi ilikuwa ukurasa wa ngapi?"

"Ah, pale katikati."

"Nipe sehemu ya nne nikuonyeshe."

"Nimeisahau nyumbani."

"Nyumbani au kliniki ya meno?"

Cherehani zote mbili zikasimama. Fundi akaweka sanduku chini.

"Amekuambia."

"Nimeukuta uzi wangu mkononi mwake. Wewe umesoma kurasa ngapi?"

"Moja. Ya kwanza. Nimeisoma mara nne, kila mara usingizi unanichukua."

Mmoja wa mafundi akacheka, mama mkubwa akamkata jicho.

"Na hukuniambia kwa nini?"

"Siku ya kwanza nilikuwa chini ya cherehani ile pale. Nikakusikia unawaambia wenzako kwamba mwanaume asiyesoma humtaki hata apite mlangoni."

Nilisema hivyo, ni kweli. Huwa nasema mengi.

"Kwa hiyo ulipomtetea yule mke ulikuwa unajitetea wewe."

"Ndiyo. Nilitaka nikueleze siku ile ile. Ukanitazama vile ulivyonitazama, nikashindwa."

"Miezi mitatu, Fundi. Unanitazama usoni na kunidanganya, na unajua nilivyotendwa."

"Najua. Nimekosa, na sitamtuma mtu aje kuniombea." Alikuwa amesimama wima, mikono haijui pa kukaa. "Kitabu sikipendi, Mkasi. Napenda kusikia. Nikishasimuliwa Jumatano, nawafikiria wale watu usiku na mchana. Nawabebea hasira. Hilo halikuwa uongo."

Mama mkubwa akaguna.

"Baba yenu mkubwa aliniambia anapenda kupika. Miaka ishirini na sita, jikoni anajua kilipo kikombe tu."

"Mama mkubwa, hii kesi si yako."

"Karakana ni yangu. Na jibu nalitaka kesho."

Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nampenda, vyote kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na kipi. Nikavuta droo, nikatoa sehemu ya sita.

"Hii sijaisoma. Humu hakuna aliyeisoma. Ya tano imeishia mume ametoka jela, anarudi nyumbani kwake, na nyumba si yake tena. Kaa hapo usome. Kwa sauti."

"Mbele ya watu?"

"Umenidanganya mbele ya watu."

Mlango ulikuwa wazi na sanduku lake lilikuwa karibu na mguu wake. Angeweza kuondoka. Akavuta kigoda, akaketi, akafungua ukurasa. Kabla hajaanza simu yake ikaita. Alipoona ni dada yake akanitazama, nikaipokea mimi nikaiweka kwenye spika.

"Kaka, amekuacha?"

"Bado," nikasema. "Anasoma sehemu ya sita."

"Bila mimi? Ya tano nimeimaliza asubuhi. Sogezeni simu karibu."

Fundi akaanza kusoma. Alisoma kidole kikiwa chini ya mstari, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayeshona kwa mara ya kwanza na anaogopa sindano. Maneno marefu aliyavunja vipande, mama mkubwa akawa anayaunga. Ukurasa wa kwanza ulichukua robo saa. Wa pili akaacha kutazama mlango. Wa tatu mume akafika mtaani kwake, akawakuta watoto wasio wake wanacheza kwenye ngazi, na Fundi akasahau kwamba alikuwa anaona aibu.

"Wanamuuliza anamtafuta nani," akasema, akiinua macho. "Atawajibu nini sasa?"

"Kitabu unacho wewe," nikamwambia.

Akaendelea. Jasho lilimtoka mpaka kwenye shingo. Mke alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara na mfuko mkononi, anasubiri kuonekana. Mume akageuka. Akamwona. Akavuka barabara. Fundi akafika mwisho wa ukurasa wa sita, akasimama.

"Mkasi, unadhani atamsamehe?"

Nilimtazama mtu huyu mzima, anayefungua mashine na kuifunga akiwa amefumba macho, amekaa kwenye kigoda akitoka jasho kwa kurasa sita mbele ya wanawake waliokuwa wanamcheka. Hasira ilikuwepo bado. Ila nilijua nitakuwa na hasira hiyo nikiwa naye, si nikiwa mbali naye.

"Mama mkubwa," nikasema, "waambie wazee wake waje Jumapili."

"Wewe nyamaza kwanza," mama mkubwa akasema bila kunitazama. "Tusikie mume kasemaje."

"Jamani nyamazeni huko," dada yake akasema kwenye simu.

Fundi alikuwa amenikodolea macho, mdomo wazi, kidole kimetoka kwenye karatasi. Akainama kutafuta mahali alipofika, hakupaona. Ikabidi aanze ukurasa upya, na hakuna aliyelalamika.