Kipande cha Mtihani cha Loyce

Siku ya mnada Manyoni, mwaka 1998, Anselm alishika bomba la zamani la shaba kwenye lundo la vyuma chakavu, akakuta mkono mwingine umelishika upande wa pili. Mwenye mkono alivaa suruali ya kaki na kilemba cha kitenge cha kijani, na wauza nyanya waliikodolea macho suruali ile kama kioja.

"Dada, nimeliona mimi kwanza."

"Kuliona si kulinunua, kaka," akajibu, akalipa, akaondoka nalo.

Kumbe walikuwa wanarudi karakana moja, ile iliyokuwa ya serikali kabla ya kuuzwa kwa mtu binafsi. Loyce wa Sepuka alikuwa mmoja wa mainjinia sita waliokuja kufunzwa uchanganyaji wa metali, na Anselm alikuwa fundi wa tanuru. Mkufunzi wao, mzee Chediel, alishasema kwamba atakayefaulu kuliko wote atakwenda Ujerumani kujifunza mashine inayojenga kifaa kwa unga wa chuma, tabaka juu ya tabaka, bila kalibu ya kumiminia.

"Mashine yako itatunyima ugali sisi wa tanuru," Anselm alimtania siku moja.

"Wewe utakuja kunipikia, mpenzi."

Neno hilo la mwisho lilimtoka Loyce kwa mzaha, lakini hakulirudisha, na kufikia masika walikuwa wanapendana waziwazi. Anselm alikuwa na kasoro moja: mikono yake ilitangulia mdomo. Akiona kiatu cha Loyce kimeachia, alikishona kabla hajaambiwa. Loyce alicheka na kumwita fundi asiyetumwa.

Mtihani ukafika. Kila injinia alipima shaba na zinki kwenye mzani, akaandika uzito daftarini, kisha akamimina kipande cha kupelekwa Dar es Salaam kupimwa; kichwa chake, ile shaba ya ziada inayobaki juu ya kalibu, kikakatwa na kutupwa kwenye sanduku la mabaki. Cha Loyce kilitoka na vitundu usoni. Jumamosi akaenda kumwona mama yake, na ufunguo wa karakana ukabaki kwa Anselm.

Alikitazama kipande kile akaona huruma. Kwa mafundi wa mtaani, kilichotoka kibaya hurudishwa motoni, basi. Akakiyeyusha. Zinki ikapanda na moshi mweupe, moshi aliouzoea tangu utoto, na hakujiuliza unaondoka na nini. Kipande kipya kiling'aa. Jumatatu alfajiri, Loyce hajarudi, vyote vikapakiwa kwenye basi.

Majibu yalipokuja, zinki ya Loyce ilikuwa pungufu mno kuliko daftari lake. Mzee Chediel akamwambia mbele ya wenzake kwamba mwongo hafai kuwa injinia, akalikata jina lake. Anselm alikuwepo, akanyamaza. Siku ya tatu ndipo akamweleza Loyce ukweli.

"Ulitaka nisiende."

"Haki ya Mungu, nilitaka ushinde."

"Na siku mbili ulizonyamaza ulitaka nini?"

Siku ya pili Anselm alikuwa amewaza kwamba sasa Loyce atabaki, na moyo wake ukafurahi. Furaha ile sasa aliionea aibu.

Loyce akarudi Sepuka. Anselm akaenda kwa mzee Chediel, akamwamkia shikamoo, akaungama yote. Kisha akachimbua kwenye sanduku la mabaki kile kichwa kilichokatwa kwenye kipande cha kwanza cha Loyce. Kilipopimwa, kililingana na daftari. Jina la Loyce likarudishwa, safari ya Ujerumani ikawa yake, na Anselm akafukuzwa kazi, kwa haki kabisa.

Wiki ya safari, Loyce alimtumia ujumbe aende posta asubuhi, atampigia kutoka Dar. Sauti yake ilikuwa laini kama zamani. Akamwambia amemsamehe, tena amelia sana kwa ajili yake. Anselm akajipa moyo.

"Loyce, safari hii nakuuliza kwanza. Nije kwenu na wazee wangu?"

"Nakupenda, Anselm. Usije."

"Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini kila nikitoka nyumbani, nitakuwa nawaza nyuma yangu umegusa nini. Sitaki kumpenda mtu huku namlinda."

Akataka kuapa, akaona hana cha kuapia. Akamtakia safari njema. Loyce akamwita mpenzi mara moja ya mwisho, na simu ikakatika. Anselm aliendelea kuishika mpaka mama mmoja kwenye foleni akamwomba ampishe.