Waya wa Kijani

Oveni ilikuwa ya moto, na plagi yake ilikuwa mkononi mwa Hidaya.

Alisimama hivyo hivyo, plagi mkono huu, kitambaa mkono ule, mtoto mgongoni, akajiambia labda ni jua. Jua gani, na jiko lenyewe halina dirisha? Akafungua mlango wa oveni. Harufu ikampiga usoni: udi, na chini ya udi kitu kama nywele zilizoungua. Oveni ilikuwa kuukuu, ya chuma kizito. Wapangaji waliotangulia waliiacha stoo walipohama bila kuaga, na Hidaya ndiyo kwanza ameitoa, akaisugua kwa majivu, akiota mikate yake mwenyewe. Alipogusa ubavu wake, ikampiga shoti hadi begani.

Mgongoni, Ikram akacheka. Mtoto ambaye hajaota hata jino moja hucheka kwa mengi, lakini si kwa kicheko kirefu namna ile.

Mchana ule ule akaja fundi Feliksi kutoka Katubuka, na mkoba wake na maneno yake mengi.

"Mwakeye, mama Ikram!" akamsalimu kwa Kiha. "Huyu mzee ndiye anayewapiga?" Akaigonga oveni kwa bisibisi. "Huyu kazaliwa kabla yangu, ngoja nimwamkie. Shikamoo!"

Ndani ya oveni kitu kikagonga, kama ukucha kwenye bati.

"Chuma kinapoa," Feliksi akasema, ila hakutania tena.

Alifungua bati la nyuma. Akakuta waya umegugunwa na panya, akaubadilisha. Akapima elementi: nzima. Akagusisha testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye bodi ya oveni, taa yake ndogo ikawaka. Akachomoa plagi, akagusisha tena. Ikawaka. Akazima meni swichi ya nyumba nzima. Ikawaka zaidi.

"Fundi," Hidaya akanong'ona, "huo umeme unatoka wapi?"

"Mabaki tu, mama. Nyumba yenu haina ethi. Huu waya wa kijani unaning'inia, hauna pa kwenda. Tuupeleke ardhini, udongo utaunywa wote."

Ethi inataka udongo mbichi, na uwanja mzima ulikuwa umekauka, isipokuwa chini ya mchikichi mchanga, pale mama mkwe alipomwagiza Hidaya amwage maji ya kumwogeshea mtoto. Feliksi akapigilia nondo ya shaba pale pale, akaifunga ule waya wa kijani. Oveni ikapoa papo hapo, ikawa baridi kama mtungi. Feliksi hakungoja hata chai. Testa yake aliisahau mezani.

Jua lilipoanza kuzama ziwani, Ikram akanyamaza. Hidaya akashukuru, akaosha vyombo, kisha ukimya ule ukaanza kumkera, akaenda kumwangalia pale mkekani, akamkuta macho wazi, hapepesi, mwili unatoa joto kama mkate uliotoka sasa hivi, na khanga aliyolalia inanuka udi, na Hidaya, bila kujua kwa nini anafanya hivyo, mkono wenyewe tu ukienda mezani na kurudi, akaishika ile testa na kuigusisha kwenye kisigino cha mwanawe, na taa ikawaka.

"Nani kapigilia chuma hapa?" Sauti ya Bi Shadya, mama mkwe, ikatoka uwanjani. "Hidaya! Nani kachimba hapa?"

"Fundi, mama. Ni ethi ya oveni…"

"Ole wangu! Hapo ndipo nilipozika kitovu cha mtoto!"

Hidaya alitoka mbio na Ikram kifuani. Bi Shadya alikuwa ameishika nondo aing'oe, na hapo mtoto akazungumza, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima, tena ya adabu.

"Iache, bibi. Chuma kina baridi. Humu kuna damu."

Bi Shadya akaachia. Akasoma Ayatul Kursiy, akairudia, na mtoto akawa anamtazama tu kama mtu anayesubiri mgeni amalize kuongea.

"Nikiing'oa sasa, jini hili litabaki ndani ya mtoto," Bi Shadya akanong'ona. "Lazima lipate pa kwenda. Na kwenye chuma halirudi, umelisikia."

"Linataka damu?"

"Linataka joto, mwanangu. Twende kwa shehe Abdulkarimu, labda…"

"Mama, mtoto anaungua!"

Hidaya akamtia Ikram mikononi mwa bibi yake, akakimbia jikoni, akaung'oa waya wa kijani nyuma ya oveni, ncha ya pili ikiwa bado kwenye nondo, akarudi akiuburuta, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono, ukakaza hadi nyama ikavimba pembeni, akavua kandambili, akasimama kwenye tope lile la maji ya mwanawe, na bibi analia acha, acha we mtoto, naye anasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua kuwa anayo, "Huyo ni mdogo, hatakutosha, njoo kwangu, mimi ni mkubwa, mimi ndiye niliyemzaa, njoo," na ardhi ikampanda miguuni kama maji ya moto.

Ikram akalia. Kilio chake mwenyewe, chembamba, cha njaa.

"Alhamdulillahi," Bi Shadya alilia naye, akimpapasa paji la uso. "Kapoa! Kapoa, Hidaya! Chukua mwanao, mnyonyeshe, anakutafuta."

Hidaya alifungua waya polepole. Akaketi, akanyoosha mikono kumpokea, na kwa kumsikia tu mtoto analia, maziwa yakamshuka yenyewe. Tone likapenya kwenye gauni, likaanguka kwenye udongo mbichi, likachoma shimo dogo linalofuka moshi.

Akajifunika khanga upesi, akaikaza.

"Mpe uji, mama," akasema. "Mpe uji, na ulale naye wewe."