Kambare Mwenye Mayai

Jumwa na mumewe, Changawa, waliishi Idsowe, karibu na Garsen. Walilima mpunga na mahindi. Kitoweo chao kilitoka Mto Tana.

Lakini mwaka huo wa 1999 samaki walikuwa haba. Changawa alitega mgono wake, mtego wa kapu, siku mbili mfululizo. Ukatoka mtupu. Binti yao, Sidi, alikula sima kwa mchicha wiki nzima bila kulalamika. Hilo lilimuuma baba yake kuliko kama angelia.

Mvua za masika zikanyesha. Mto ukajaa, na maji yakaanza kupita kijitoni kuelekea mbugani. Changawa alichukua chandarua cha kitandani akafunga mdomo wa kijito. Alfajiri alikuta kambare watano. Mmoja alikuwa mrefu karibu sawa na Sidi.

Adhuhuri Jumwa alitia mkono kapuni atoe samaki. Kapu likaruka.

"Baba Sidi! Umeniletea samaki au jini?"

"Nimemtoa majini tangu alfajiri!" Changawa alishangaa.

Jirani yao Mwanasiti alisikia kelele akaja. Alizaliwa kijiji cha Wema, na sasa alifanya kazi Idara ya Samaki, Garsen.

"Kambare hafi upesi," alisema akicheka. "Majini hupumua kwa matamvua kama samaki wengine. Lakini juu ya matamvua ana kiungo kingine cha kuvuta hewa. Mradi ana unyevu, atakaa nje ya maji saa nyingi."

Alibonyeza tumbo la yule mkubwa taratibu. Mayai madogo ya kijani yakamwagika kiganjani. Mwanasiti akaacha kucheka.

"Shemeji, huyu umemtoa wapi?"

Changawa alitazama chini. "Kijitoni. Kwa chandarua."

"Mto ukijaa, kambare huenda mbugani kwenye maji machache. Hutaga mayai kwenye nyasi. Watoto hukulia huko, na maji yakipungua hurudi mtoni. Wewe umefunga mlango wa wodi ya wazazi!"

Changawa aliyatazama yale mayai. "Hata mwaka jana niliufunga," alisema. "Kumbe njaa hii nimeileta mwenyewe."

Jumwa alimshika bega. "Hukujua, Baba Sidi. Sasa tufanye nini?"

Mwanasiti aliwakagua kambare wote. Wawili walikuwa madume; hao wakabaki kwa chakula. Watatu wenye mayai walifunikwa gunia bichi, wakapelekwa kijitoni. Changawa alimbeba yule mkubwa mikononi kama mtoto mchanga.

Alimshusha majini. Samaki akatulia. Akainua kichwa, akavuta hewa, kisha akapiga mkia. Tope likamjaa Changawa usoni. Jumwa alicheka hata akakaa chini matopeni.

Changawa alikata kamba zilizoshika chandarua, akakitoa. Jumwa alikifua, na usiku huo wakalala bila kuumwa na mbu.

Jumapili wanakijiji walikutana. Wengine walinung'unika, lakini Changawa alieleza kosa lake bila kuficha. Wakakubaliana: wakati wa mafuriko kijito kiachwe wazi, na mtoni zitumike nyavu za macho makubwa, wadogo wapite.

Mwezi wa Agosti alikuja Diba, mfugaji wa Kiorma aliyechunga ng'ombe mbugani.

"Changawa, kidimbwi kimoja kinakauka," alisema. "Ndani maji yanachemka kwa samaki wadogo. Hawana njia ya kurudi mtoni."

"Wewe si huli samaki, Diba?"

"Sili, kwetu si desturi. Lakini kuwaona wakifa, moyo umekataa."

Walichukua ndoo wakaenda. Hata Diba alikunja kikoi akaingia topeni. Waliwabeba wale watoto wa kambare mamia kwa mamia mpaka mtoni. Jioni migongo yote ilikuwa inauma.

Mwishoni mwa mwaka, Changawa aliinua mgono ukiwa mzito. Aliwarudisha wadogo majini, akaleta nyumbani wanne wakubwa. Jumwa aliwapika kwa nazi. Sidi alikula, akaomba tena, akaomba tena.

"Diba naye apelekewe," alisema.

"Mwanangu, Diba hali samaki," Jumwa alimjibu.

Sidi alifikiri. Akaingia shambani, akavunja mahindi mabichi sita, yale manene kabisa. Akayafunga kwa leso ya mama yake, akamshika baba yake mkono, wakaelekea kwenye zizi la Diba.