Mkono Katika Sanduku la Kiota

Mzigo wa kisa hiki alinitwika rafiki yangu, seremala. Mkewe, mgonjwa wa kitandani, faraja yake ilikuwa kutazama makinda ya ndege kupitia kamera ambayo mumewe alimwekea ndani ya sanduku la kiota, bustanini.

Jioni moja makinda walilia kilio cha kuchinjwa. Seremala, akihofia nyoka, alipanda ngazi giza likiingia.

“Unaona nini, mama?” alimuuliza mkewe, akielekea dirisha la chumba alicholala.

“Mkono wako, na kidole kilicholiwa na msumeno. Polepole, baba, hao si misumari.”

Ndani ya sanduku kitu kilivunjika kama kijiti kikavu.

“Unawaponda! Damu imetapakaa. Toa mkono, mume wangu.”

Mikono yote miwili ya seremala ilikuwa imeshika ngazi, kifuniko cha sanduku hakijafunguliwa. Kijiti cha pili kikavunjika.